Makala, Jivu na Wadudu wa Nchi Yetu

Mara hii twaacha kidogo habari za wafalme na vita, tupate kueleza historia ya vitu visivyo na ufalme: makala, jivu na wadudu. Katika Fizi na Baraka hakuna nyumba isiyokuwa navyo vyote vitatu. Makala hupika, jivu hutupwa au huchanganywa na maharagwe, na wadudu hula kilichobaki. Watu wengi hudhani kwamba mambo hayo hayastahili kuandikwa. Sisi twaona kinyume. Yamewashughulisha wataalamu wa Ulaya na wa Afrika kwa muda wa miaka zaidi ya 200, na baadhi ya yale waliyoyavumbua kwa shida nyingi, mama zetu walikuwa wakiyafanya siku zote bila kuyaandika popote.

Tuanze na mdudu mmoja aliyeingia katika historia kwa njia ya sikio. Mwezi wa Machi 1858 Mwingereza John Hanning Speke alikuwa akivuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi, akienda kuomba chombo cha Mwarabu mmoja aliyekaa Kasenge, upande wetu wa magharibi. Usiku mmoja alilala kisiwani. Tufani ikapiga hema lake, na alipowasha mshumaa apange vitu vyake, hema likajaa wadudu wadogo weusi wenye magamba magumu. Alichoka kuwapangusa, akajilaza. Mmoja akamwingia sikioni, akaanza kuchimba kama sungura. Speke akamimina siagi iliyoyeyushwa, haikufaa. Mwisho akatia ncha ya kisu. Kisu kilimwua mdudu, lakini kilimwumiza mwenye sikio pia: uso ukavimba, kutafuna hawezi, akawa kiziwi wa upande ule, na vipande vya mdudu vikawa vikitoka pamoja na nta ya sikio hata baada ya miezi mingi.

Mwezi wa Aprili mwaka ule ule, yeye na mwenziwe Richard Burton wakapita Ubwari wakielekea Uvira. Rasi yetu hiyo, ambayo kila mtoto wa Baraka huiona ng'ambo ya maji, wao waliiandika kuwa kisiwa. Hata hivyo yale maji yaliyo kati ya Ubwari na Baraka yakapewa jina la Burton, na ramani zaliita hivyo mpaka leo. Ndivyo ilivyo desturi ya wasafiri.

Lakini mdudu aweza pia kumwokoa mtu. Katika Ufaransa palikuwa na padre kijana, jina lake Pierre André Latreille, aliyepata upadre mwaka 1786. Mapinduzi yalipotokea, mapadri waliokataa kuapa kiapo cha serikali walikamatwa, naye akafungwa katika gereza la Bordeaux mwaka 1794. Siku moja daktari wa gereza alimkuta akichungulia mdudu sakafuni kwa bidii kubwa. Alipoulizwa, alisema kwamba mdudu yule ni wa namna ya pekee. Daktari akampelekea kijana mmoja mpenda wadudu, Bory de Saint-Vincent, naye alipoona kwamba mfungwa ni bingwa katika elimu ile, akashughulika na jamaa zake mpaka Latreille akatolewa. Wenzake wengi wa gerezani waliangamia. Yeye akaishi hata mwaka 1833, akahesabiwa kuwa baba wa elimu ya wadudu katika nchi yake.

Mdudu yule aliitwa Necrobia ruficollis. Twamtaja kwa jina lake la Kilatini kwa sababu jamaa yake anajulikana sana kwetu, ijapokuwa si kwa jina. Ni wa ukoo ule unaokula nyama kavu, ngozi na samaki wakavu. Mama afunguaye gunia la ndakala lililokaa mno, akaona vidudu vinavyong'aa rangi ya buluu vikikimbia huku na huku, amewaona ndugu za yule aliyemfungulia padre mlango wa gereza. Hatusemi awasamehe.

Sasa tuje kwenye makala. Wamisri wa kale waliyatumia katika dawa zao zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, lakini hakuna aliyejua sababu ya nguvu zake. Mwaka 1773 Carl Wilhelm Scheele wa Sweden aliona kwamba makala huweza kunywa hewa: ukiyatia katika chombo kilichofungwa, hewa nyingine hupungua. Miaka minne baadaye Abbé Felice Fontana, Mwitalia, alizima kipande cha kaa la moto ndani ya zebaki ili kisiguse hewa, kisha akakipitisha katika chombo chenye hewa, akaona kinaimeza mara nyingi kupita ukubwa wake. Mwaka 1785 Tobias Lowitz, aliyekuwa mwuza dawa huko Saint Petersburg, alitikisa unga wa makala katika maji machafu yenye rangi, na rangi ikatoka. Kumbe makala meusi husafisha! Akashauri mabaharia wayatumie kuyatunza maji ya merikebuni yasinuke. Baadaye viwanda vya sukari vikafuata, kwanza kwa makala ya miti, kisha kwa makala ya mifupa. Na sukari ikawa nyeupe kwa kupitishwa katika kitu cheusi.

Huko Ufaransa husimuliwa habari ya mwuza dawa mwingine, Touéry, ambaye mwaka 1831 alisimama mbele ya mabingwa wa madawa akameza striknini, sumu kali sana, kadiri ya mara kumi ya ile itoshayo kumwua mtu. Alikuwa ameichanganya na unga wa makala. Hakufa. Wasomaji wetu wasijaribu jambo hilo! Lakini ni kweli kwamba hata leo hospitali huwanywesha unga wa makala yaliyotengenezwa maalum baadhi ya watu waliokula sumu.

Je, sababu ni nini? Sifongo hunywa maji ndani yake, nayo yakajaa mwili mzima. Makala hayafanyi hivyo. Makala hunasa vitu juu ya uso wake, kama vile vumbi linavyonata juu ya ngozi yenye mafuta. Mwaka 1881 Mjerumani Heinrich Kayser alitofautisha mambo haya mawili kwa neno jipya, adisopsheni, maana yake kunasa usoni na si kunywa ndani. Na uso wa makala si ule unaouona kwa macho. Ndani yake mna matundu madogo yasiyohesabika, na kila tundu lina kuta zake. Ukiyachoma makala kwa mvuke mkali, kama Raphael von Ostrejko alivyoonyesha katika hati zake za mwaka 1900 na 1901, matundu huongezeka sana. Gramu 1 tu ya makala hayo huwa na uso wa mita za mraba 1,000 hivi. Gramu saba, yaani ujazo wa vijiko vichache, zatosha kutandaza uwanja mzima wa mpira.

Ole wetu, elimu hiyo ilikua haraka kwa ajili ya vita. Tarehe 22 Aprili 1915 Wajerumani walifungulia hewa ya sumu karibu na Ypres, katika Ubelgiji, na mwaka huo huo Nikolai Zelinsky wa Urusi akatengeneza kifuniko cha uso chenye makala. Huko Marekani, mwaka 1918, watu waliombwa waokote kokwa za matunda na vifuu vya nazi vichomwe kuwa makala ya vifuniko hivyo. Hata Ziwa letu lilishiriki vita vile, maana Desemba 1915 Waingereza waliiteka meli ya Kijerumani Kingani karibu na mahali panapoitwa leo Kalemie. Lakini hewa ya sumu, namshukuru Mungu, haikufika huku.

Labda msomaji auliza: wadudu wameingia wapi? Wameingia katika chungu cha maharagwe.

Mama wa Kibembe, kama mama wengine wengi wa Kivu, akitaka kuweka mbegu mpaka masika, huzianika vizuri, huchekecha jivu kavu la jikoni, akalichanganya na mbegu mpaka nafasi zote zijae, kisha akafunika. Wageni wengi waliona jambo hilo kuwa uchafu. Lakini fukusi wa maharagwe alitoka Amerika pamoja na maharagwe yenyewe. Kwa hiyo mama wa Kiafrika alipolipokea zao jipya na adui wake kwa pamoja, alilazimika kutafuta dawa mwenyewe, naye akaitafuta jikoni.

Mwaka 1944, katika vita vya pili, Waingereza walihofia ghala zao za nafaka, na mtaalamu V. B. Wigglesworth akachunguza sababu ya wadudu kufa wanapotembea juu ya vumbi lisilo na sumu yoyote. Mdudu ni mdogo, na mwili mdogo hukauka upesi kama tone la maji juu ya jiwe. Mwenyezi Mungu amempaka nta nyembamba sana juu ya gamba lake, ili maji yake yasitoke. Wigglesworth aliona kwamba vumbi gumu huikwaruza nta ile, na mdudu hukauka. Miaka kumi na mitano baadaye, mwaka 1959, Walter Ebeling na mwenziwe huko California walionyesha njia nyingine wakichunguza mchwa wanaokula miti mikavu: yako mavumbi laini yasiyokwaruza kitu, lakini yana uso mwingi kama ule wa makala, nayo huinasa nta na kuiondoa. Ni jambo lile lile la Scheele na Fontana, ila sasa mahali pa hewa pana nta ya mdudu. Katika bonde la Kenya, huko Kariandusi karibu na Gilgil, huchimbwa udongo mweupe uliofanyika kwa magamba ya viumbe vidogo vya ziwa la kale. Udongo wa namna hiyo ni mashuhuri kwa kazi hii.

Jivu letu halina nguvu sawasawa na udongo huo. Huo ndio ukweli. Lakini lina faida nyingine, kama wataalamu walivyoona kwa kunde huko Cameroon katika miaka ya 1990: likijaza nafasi zote kati ya mbegu, dume na jike hawawezi kutafutana, wala mtoto wa fukusi aliyetoka yaini hawezi kutambaa hata akapata mbegu ya kutoboa. Ndiyo sababu ngumi moja ya jivu juu ya gunia haifai kitu. Tena jivu lenye unyevu limekwisha kushiba maji, nalo haliwezi kunasa kingine. Na Baraka ina unyevu mwingi wa Ziwa. Yule bibi anayesisitiza kwamba jivu lichekechwe na kukaushwa kabla ya kutumiwa, asichekwe na wajukuu waliosoma.

Twasema hayo kwa sababu vijana wengi sasa hupendelea unga wa sumu unaouzwa sokoni kwa vijiko, bila jina wala maandishi. Sisi hatuchukii dawa za viwandani. DDT, ambayo Paul Müller wa Uswisi aligundua nguvu zake mwaka 1939, iliwaokoa watu wengi na malaria na homa ya chawa, na ubaya wake ukajulikana baadaye. Lakini unga usio na jina, juu ya maharagwe ambayo huenda yakaliwa kesho na watoto kwa sababu mbegu imegeuka chakula, ni jambo la kutisha. Nasi watu wa Fizi, tuliokimbia mwaka 1996 na 1998 na mara nyingine nyingi, twajua maana ya kurudi nyumbani na kukuta debe moja la mbegu nzima.

Basi wako pia waliokuja kuwatazama wadudu wa nchi yetu kwa ajili ya wadudu wenyewe. Mwaka 1947 Wabelgiji walianzisha chuo cha uchunguzi kilichoitwa IRSAC, na makao yake makuu yakajengwa Lwiro, katika Kabare, pamoja na tawi la Uvira kwa habari za Ziwa. Hivi leo Lwiro ni kituo cha serikali ya Kongo, CRSN. Mmoja wa watu wa IRSAC alikuwa Narcisse Leleup. Huyu hakukimbilia vipepeo wakubwa. Alipanda milima ya Kivu, na Itombwe pamoja nayo, akakusanya majani yaliyooza na udongo wa chini ya miti, akautia katika faneli chini ya taa. Udongo ukikauka kwa joto, vidudu hushuka vikitafuta unyevu, vikaanguka katika chupa. Kwa njia hiyo alipata wadudu wadogo kuliko punje ya mtama, wengi wao hawajapata kuonwa na mtaalamu yeyote. Kitabu chake kikubwa juu ya wadudu hao waliojificha kilitolewa mwaka 1965.

Katika milima hiyo hiyo alitembea Alexandre Prigogine, fundi wa machimbo, ndugu yake Ilya Prigogine aliyepata tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1977. Alisaidiwa sana na wawindaji wa nchi, na mwaka 1951 akaletewa bundi wa Itombwe, ndege ambaye wenye elimu walikuwa hawamjui kabisa.

Kisha ukaja mwaka 1964. Wasomaji wetu hawahitaji kukumbushwa tarehe 28 Novemba ya mwaka ule, Padre Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin walipouawa Baraka, na Padre Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert huko Fizi. Tarehe 18 Agosti 2024 walitangazwa Wenye Heri mjini Uvira. Damu ikimwagika hivyo, nani atakwenda mlimani kuokota vidudu? Ni mwaka 1996 tu watafiti, Wakongo na wageni pamoja, walipomwona tena yule bundi wa Itombwe akiwa hai. Hifadhi ya Itombwe ikatangazwa mwaka 2006, na ile ya Ngandja, katika Fizi yetu, mwaka 2016.

Hata mtafiti wa wadudu hawezi kuacha vitu vinasavyo. Katika milima yenye ukungu mdudu aliyekufa huota kuvu kabla hajafika mjini. Kwa hiyo huwekwa pamoja na chembe za silika jeli, zile zinazoonekana katika vifuko vidogo ndani ya sanduku la viatu vipya. Hunasa unyevu wa hewa kama makala yanasavyo harufu. Mtu huzitupa bila kujua kwamba zilimletea viatu visivyooza.

Habari ya ajabu kupita zote ni ya mbung'o. Pwani ya magharibi ya Ziwa letu iliumizwa sana na malale mwanzoni mwa karne iliyopita, na David Bruce huko Entebbe, mwaka 1903, alionyesha kwamba mbung'o ndiye mchukuzi wake. Lakini mbung'o humtambuaje mnyama? Katika miaka ya 1970, nchini Zimbabwe, Glyn Vale aliwaficha ng'ombe shimoni chini ya ardhi, akaipuliza nje hewa yao tu. Mbung'o wakaja, ijapokuwa hawakuona kitu. Basi ni harufu. Na harufu utaishikaje? Ilipitishwa katika chembe zinasazo, jamaa ya makala. Zikainasa, kisha ikabanduliwa na kuchunguzwa sehemu kwa sehemu. Mwaka 1984 ikatangazwa mojawapo ya harufu za pumzi ya ng'ombe zinazomvuta mbung'o, na mitego mingi ya Afrika ikawekwa harufu hiyo.

Huko Nairobi, katika chuo cha wadudu cha ICIPE kilichoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, Mkenya, waligeuza swali. Yuko mnyama aitwaye kuro, aishiye kati ya mbung'o lakini haumwi nao sana. Je, harufu yake ni nini? Waliinasa vivyo hivyo, wakaitengeneza, wakaitia katika vichupa vinavyofungwa shingoni mwa ng'ombe. Majaribio ya Shimba Hills, pwani ya Kenya, yaliyotangazwa mwaka 2017, yalipunguza ugonjwa wa ng'ombe kwa zaidi ya asilimia 80. Ng'ombe akanuka kama kuro, na mbung'o akapita. Yakobo mbele ya baba yake Isaka alifanya hila ya namna hiyo, kwa ngozi na mavazi ya kaka yake.

Tusemeni neno moja juu ya maji, maana Fizi na Baraka zina kipindupindu kinachorudi kila mara. Watu husikia kwamba makala husafisha maji, wakaweka ndoo yenye makala na mchanga, na maji yakatoka maangavu bila harufu. Maangavu si mazima. Makala hunasa rangi na harufu, lakini vijidudu vya kipindupindu hupita. Tena makala hunasa hata klorini. Basi mtu akitia dawa kwanza na kuchuja kwa makala baadaye, ameiondoa dawa yake mwenyewe. Chuja kwanza, kisha utie klorini au uchemshe.

Na makala hayo yatoka wapi? Kila asubuhi magunia hushuka Baraka kwa baiskeli na kwa vichwa vya akina mama. Wauzaji hawana kazi nyingine, na wapikaji hawana moto mwingine, hatuwezi kuwahukumu. Lakini miti ya karibu imekwisha, na mashoka yazidi kupanda juu, upande wa Itombwe na Ngandja. Wadudu wa Leleup, wale wa udongo, wengi wao ni vipofu na hawana mabawa, na kila mlima una wa kwake. Msitu ukikatwa na tanuru la makala likiwashwa, jua huukausha udongo mpaka chini, kama ilivyofanya ile taa juu ya faneli. Ila hapa chini hapana chupa ya kuwapokea.